Kahawa Yetu: Bei Njema Isitulaze Usingizi

Mwezi wa Februari, mwaka 2025, bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili moja. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Hata mwaka 1977, baada ya baridi kali ya mwaka 1975 kuunguza mibuni ya Brazil na dunia nzima kulia njaa ya kahawa, bei haikufika hapo, ingawa ni kweli kwamba dola ya mwaka ule ilinunua vitu vingi kuliko dola ya leo. Mkulima wa Moshi, Mbinga au Mbozi aliyeshangilia habari hiyo hatumlaumu hata kidogo. Amezoea kwa miaka mingi kusomewa bei ya kahawa kwa sauti ya matanga.

Hatuandiki ili kumharibia furaha yake. Twaandika kwa sababu mwaka wa bei kubwa una hatari yake, na hatari hiyo huja imevaa nguo za sikukuu. Soko likiwa na njaa, mnunuzi hachagui. Hachunguzi kama tunda lilichumwa likiwa jekundu au bichi; hajali kama punje zilianikwa juu ya kichanja au zilitandazwa juu ya udongo; atakalo ni kujaza magunia yake kabla mwenzake hajajaza yake. Mkulima naye, akiona hivyo, hujiuliza swali la haki kabisa: kwa nini nipite shambani mara nne au tano nikichuma tunda moja moja, ikiwa jirani yangu aliyekwangua tawi zima kwa mkono mmoja alilipwa sawasawa na mimi? Hapo ndipo ubora wa kahawa unapokufa, tena unakufa kimya, wakati watu wanahesabu fedha.

Kisha bei hushuka. Haya si maneno ya uaguzi, bali ni historia ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Mapatano ya kahawa ya mataifa ya mwaka 1962 yaliweka kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza, na kwa njia hiyo bei ikashikwa isianguke ovyo. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mpango huo wa mafungu ukavunjika, na bei ikaporomoka kama jiwe. Mwaka 2001 bei ya wastani ya kahawa duniani ilifika kama senti 45 tu za Marekani kwa ratili. Katika miaka hiyo wako wakulima wa Kilimanjaro waliong'oa mibuni vihambani wakapanda nyanya na mahindi, na wako ambao hawakung'oa, wala hawakupalilia, wala hawakunyunyiza dawa. Wakaiacha mibuni izeeke pamoja nao. Vijana wakateremka mjini.

Basi swali letu ni hili. Bei itakaposhuka tena, na hatujui ni mwaka gani, ni kahawa ya nani itakayokuwa bado na mnunuzi?

Kwa wingi hatuwezi kushindana. Brazil hutoa zaidi ya magunia milioni 50 ya kilo 60 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo huchumwa kwa mashine zipitazo juu ya safu za mibuni katika nyanda zilizo tambarare. Tanzania yote, kuanzia Kagera mpaka Ruvuma, hutoa sehemu ndogo sana ya mzigo huo, na zaidi ya tisa katika kumi ya kahawa yetu yatoka kwa wakulima wadogo wenye vipande vya ardhi ambavyo hata trekta haliwezi kugeukia ndani yake. Mpango wa Serikali ulilenga tani 300,000 ifikapo mwaka 2025. Hatukufika hata nusu yake. Twaunga mkono kuongeza mazao, lakini mtu asidhani kwamba kwa tani peke yake tutamtisha mwenye shamba la Minas Gerais.

Tulicho nacho ni mlima. Katika miinuko ya Kilimanjaro, Meru, Mbinga na Mbozi usiku huwa wa baridi, na tunda la kahawa huiva polepole; kuiva huko polepole ndiko kunakoifanya punje iwe ngumu na nzito na yenye ule ukali mwanana ambao wanywaji wa ng'ambo huutafuta. Juu ya mibuni wazee waliacha kivuli cha migomba, na ndani ya kihamba wakapitisha mifongo ya maji iliyochimbwa kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kufika. Kule Umatengo watu walichimba ngoro kwenye miteremko mikali ili mvua isichukue udongo. Mtu aliyesomea kilimo katika chuo kikuu akienda huko hujikuta anajifunza badala ya kufundisha. Mashine ya Brazil haina pa kusimama katika mashamba kama haya, na hiyo, ndugu zetu, ndiyo bahati yetu.

Biashara ya dunia inayo namna ya kuilipa bahati hiyo. Kahawa yenye ladha ya pekee, isiyo na kasoro, ambayo mahali ilipotoka hujulikana, huitwa kahawa maalumu. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1974 na mfanyabiashara wa Marekani, Bibi Erna Knutsen. Waonjaji huikaanga kidogo, huisaga, huimwagia maji ya moto, kisha huifyonza kutoka katika kijiko kwa kishindo kikubwa (anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani wamekosa adabu), na kuipa alama kwa harufu, ladha, ukali, utamu na uzito wake mdomoni. Ikipata 80 au zaidi katika 100, basi hiyo ni maalumu. Ikishuka hapo, itaingizwa katika mchanganyiko na nyingine zote na kulipwa kwa bei ya New York, iwe njema au mbaya.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri wasio na kazi, kwamba mtu mwenye njaa hawezi kungojea Mzungu amalize kuonja. Hebu tuwatazame jirani zetu wa Rwanda. Mwaka 2000 vituo vyao vya kuoshea kahawa vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole, na kahawa yao ilijulikana kwa ubaya. Nchi ilikuwa imetoka katika mauaji ya mwaka 1994. Wakulima wa Maraba, karibu na Butare, walijiunga katika chama chao, wakajenga kituo, wakaanza kupokea matunda mekundu tu na kuyakataa mabichi. Katika miaka ipatayo kumi vituo vikawa zaidi ya mia moja, na mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuendesha yale mashindano makubwa ya kahawa yaitwayo Cup of Excellence. Angalieni miaka: walianza wakati ule ule wa senti 45, wakati sisi wengine tulikuwa tunang'oa. Hawakungoja bei ipande ndipo wafanye kazi nzuri.

Na kazi yenyewe yafaa isemwe wazi, maana anayekunywa kahawa mjini haijui. Tunda huchumwa jekundu. Humenywa siku ile ile, kwa sababu likilala ndani ya gunia huanza kuoza na harufu yake hubaki mpaka kikombeni. Punje huvundikwa ndani ya maji mpaka utelezi uachie, huoshwa, kisha hutandazwa juu ya kichanja, huchambuliwa kwa mkono, hugeuzwa mara nyingi kwa siku na kufunikwa mvua inapotishia. Kazi hii ikifanywa nyumbani na kila mtu kwa mashine yake ya mkono, vikapu mia vitakuwa na ladha mia, na kikapu kimoja kibovu kitavitia aibu vingine vyote vikichanganywa. Ndiyo maana twasema kiwanda cha pamoja cha kumenyea si pambo la kijiji. Ndicho kinachowezesha kahawa ya watu mia tatu wenye robo eka kuwa fungu moja lenye ladha moja na jina moja.

Tufanye hesabu ndogo. Kilo sita hivi za matunda mabivu hutoa kilo moja ya kahawa safi iliyokobolewa. Ikikaangwa hupungua, ikabaki kama gramu 840. Kikombe kimoja huhitaji gramu 15, kwa hiyo kilo ile moja hutoa vikombe zaidi ya 50. Katika mikahawa ya London kikombe cha kahawa huuzwa zaidi ya pauni 3. Basi kilo ile imekuwa pauni 150. Kwa bei ile kubwa ya dola 4 kwa ratili, kilo nzima haifiki dola 9, na hapo bado hatujatoa usafirishaji, ukoboaji, ushuru na makato ya chama. Hatusemi kwamba tofauti yote ni wizi. Mwenye mkahawa ana kodi ya nyumba, maziwa na umeme, na wale vijana wanaopeleka vikombe mezani ni wafanyakazi kama sisi, wenye mishahara midogo. Twasema tu kwamba katika njia yote ile ndefu kutoka kihambani mpaka mezani, mkulima ndiye peke yake asiyejua kitu anachouza kina thamani gani.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Bodi ya Kahawa inao waonjaji wake Moshi. Mnunuzi naye ana wake, na kabla ya kutaja bei mnadani amekwisha kuonja na kuandika alama zake. Lakini nani huko kijijini amepata kuambiwa kwamba fungu la chama chake lilipata alama 84, au kwamba lilianguka mpaka 76 kwa sababu ya matunda mabichi yaliyochumwa juma la pili la Septemba? Mara nyingi hakuna. Mkulima huletewa malipo ya kwanza, na baada ya miezi malipo ya pili, bila neno. Ni sawa na mtoto anayepelekwa shuleni miaka saba asionyeshwe hata mara moja karatasi yake ya mtihani, kisha akaambiwa ameshindwa. Kila chama kikuu cha ushirika katika wilaya ya kahawa hakina budi kuwa na meza yake ya kuonjea, na vijana wa kijiji, wake kwa waume, waliofundishwa kuonja. Gharama yake haizidi ya gari moja la kiongozi.

Kiko pia kisa cha jina. Katika nchi ya Japani kahawa yetu ni maarufu, nao huiita Kilimanjaro. Jina hilo lilipata umaarufu mkubwa huko baada ya filamu ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Hemingway juu ya theluji za mlima huo. Kwa kanuni za wafanyabiashara wao, kahawa ya arabika iliyooshwa kutoka mahali popote Tanzania, isipokuwa Bukoba, yaweza kuitwa Kilimanjaro, na mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa yetu waweza kubeba jina hilo. Maana yake ni kwamba mkulima wa Mbinga, aliye mbali na Kibo kwa safari ya siku nzima, anauza kahawa kwa jina la mlima ambao labda hajauona, na mkulima wa Rombo anashiriki jina la mlima wake na asilimia 70 ya kahawa ya watu wengine. Hatuwagombezi Wajapani. Wamekuwa wateja waaminifu kwa miaka mingi. Lakini Wahabeshi hawakulala: mwaka 2005 serikali yao iliomba huko Marekani kuandikishiwa majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa alama zake za biashara, ikapingwa na wafanyabiashara wakubwa, ikashikilia, na mwaka 2007 kampuni ya Starbucks ikatia saini mapatano ya kuyatambua. Je, jina la Mbinga halistahili kuandikwa peke yake juu ya mfuko?

Lakini jina bila mali mkononi ni upepo. Adui wa karibu haishi Tokyo wala New York. Yu kijijini, na pengine twasali naye pamoja. Kagera humwita kazi yake butura, Mbinga huiita magoma. Mwezi wa Februari au wa Machi, wakati chakula kimepungua ndani na karo ya shule inadaiwa, huja mtu mwenye fedha na kununua kahawa ikali juu ya mti, pengine ikiwa bado ni maua. Msimu ukifika huja na mizani yake. Mkulima aliyekwisha kula bei ya kahawa yake hana sababu ya kuchuma nyekundu, wala mwenye fedha hana sababu ya kumngoja. Bei ya dunia ikipanda, faida yote ni ya yule. Serikali imekataza mambo haya mara nyingi, na mwaka 2018 iliamuru kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vyao vya msingi. Amri hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo njaa ya mwezi wa Machi haisomi amri. Chama cha msingi kisichokuwa na mfuko wa kuwakopesha wanachama wake wakati wa dhiki, kwa riba ya haki, kinamwachia mlango wazi mwenye butura.

Tuseme na juu ya ushirika wenyewe, kwani hatutaki kuonekana kuwa tunawalaumu wachuuzi peke yao. Kahawa ya Kilimanjaro ilianzia katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, lakini Wachaga walipotaka kuilima wao wenyewe, masetla walipiga kelele kwamba Mwafrika ataleta magonjwa ya mimea na kuharibu soko. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na kwa sheria ya ushirika ya mwaka 1932 ikazaliwa KNCU. Jumba lake lingali limesimama mjini Moshi. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982; kisha katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vilivyokuwa na madeni na viongozi wenye mifuko mirefu vikashindwa mbele ya macho ya wanachama wao. Yaliyokuwa yanasemwa na masetla juu ya uwezo wetu yalikuwa uongo, na Merinyo na wenzake waliuvunja. Kiongozi wa chama cha msingi anayekata shilingi asizoweza kuzieleza anaujenga tena uongo ule kwa mikono yake.

Wafanyakazi wa viwanda vya kukoboa wasidhani kwamba habari hii ni ya wakulima tu. Kahawa maalumu haivumilii kuchanganywa. Kila fungu hukobolewa peke yake, hupangwa kwa madaraja ya AA, A, B na zile punje za mviringo ambazo Wamarekani huzipenda mno, huchambuliwa tena na kuwekwa alama yake. Hiyo ni kazi zaidi, na mikono zaidi, na stadi zaidi, hapa hapa nchini. Kadhalika kiwanda cha TANICA cha Bukoba chaonyesha kwamba twaweza kukaanga na kusindika wenyewe, na Mtanzania anayeagiza chai hotelini katikati ya Moshi hana budi kujiuliza kwa nini.

Mawili yamebaki. La kwanza ni hali ya hewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 juu ya kahawa ya Tanzania ulionyesha kwamba kinachopunguza mavuno zaidi ni usiku kuwa na joto: kila nyuzi moja ya joto iongezekayo usiku hupunguza kama kilo 137 kwa hekta. Usiku wa baridi ndio mtaji wetu, na mtaji huo unapungua. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1934, kina miche bora inayostahimili chulebuni na kutu ya majani; fedha za mwaka wa bei njema zapaswa kwenda huko kwanza, kabla ya kwenda kwenye pikipiki. La pili ni sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 inayodai kwamba kahawa isitoke katika msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020, na kila shamba liwe na alama yake katika ramani. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja. Kihamba chenye migomba na miti ya kivuli hakina la kuogopa katika sheria hiyo. Lakini atakayelipia upimaji ndiye atakayeshika ramani, na ni heri ramani za mashamba yetu zikae katika kabati la chama cha msingi kuliko katika ofisi ya kampuni inayonunua.

Mikutano mikuu ya vyama vya msingi i karibu. Twawasihi wanachama waende na maswali matatu: fungu letu lilipata alama ngapi, liliuzwa mnadani kwa dola ngapi kwa gunia la kilo 50, na kila shilingi iliyokatwa ilikwenda wapi. Majibu yabandikwe ukutani penye mizani, kwa Kiswahili. Tena daftari la wanachama lifunguliwe na kusomwa, kwa maana katika nyumba nyingi mama ndiye achumaye, amenyaye na agezaye punje kichanjani, na jina lililoandikwa humo ni la mume, ambaye ndiye huitwa siku ya malipo.